Kata Kushoto kwa Marehemu

Gari langu lilikuja na mwanamke ndani yake.
Kila nikiliwasha ananisalimia kwa Kijapani,
kwa adabu, kama karani wa benki asubuhi,
na kwenye kioo chake naonekana
nukta nyekundu katikati ya bahari,
ilhali niko Kiboriloni natia mafuta.
Miaka mitatu tumeishi hivyo.
Fundi alisema huyo hatoki,
labda ung'oe dashibodi nzima.

Mimi ni daktari wa ng'ombe.
Simu yangu hulia saa nane za usiku:
"Dokta, ndama katanguliza miguu ya nyuma!
Panda Uru mpaka kanisani, usiingie,
pita kinu cha kahawa kilichofungwa,
ukifika kwa marehemu Kundaeli kata kushoto,
utaona masale, utaona taa."

Masale nayaona kila kona, mipaka yote ni masale.
Taa ilikatika tangu jioni.
Na huyo marehemu alizikwa kabla sijazaliwa.

Mwezi wa nne nilichelewa dakika arobaini
kwa Mama Aikande. Ndama tukamzika mgombani.
Hakunilaumu. Alinipa kikombe cha mtori,
akasema, "Njia zetu zimejificha mno, pole."
Hiyo pole ndiyo iliyonipeleka dukani.

Mtaa wa Mawenzi, juu ya ngazi, kando ya fundi saa,
Gadiel alivipanga vitatu kwenye kitambaa cha kijani
kama mpiga ramli.
Cha kwanza kipana kama kitabu cha nyimbo,
laki nne na nusu,
kinaonyesha mlima kwa rangi, theluji na yote.
"Mlima nauona bure," nikamwambia,
"mawingu yakipenda."

Cha pili kilisema Kiswahili,
sauti ya kiume, ya taarifa ya habari.
Nikakiandikia kitongoji cha Mama Aikande.
Hakikusita. Mstari wa buluu ukateremka korongoni,
ukavuka daraja ambalo mto ulishalichukua
mvua za mwaka juzi,
kikatangaza: "Umefika."
Kuna watu wa namna hiyo.
Mmoja nusura anioe.

Cha tatu kimetumika, kona imevunjika,
laki moja na thelathini.
Nikakiuliza swali lilelile.
Kikazungusha kiduara chake. Kikazungusha tena.
Kisha kikaandika, herufi ndogo:
Hakuna njia inayojulikana.
Weka alama yako.

Gadiel akaona haya kwa niaba yake,
akataka kukirudisha kabatini.
"Hicho ramani yake ina matundu, dokta."
"Nifungie hicho."
Kwa mshangao tu alinipunguzia elfu kumi na tano.

Sasa nazitia alama jioni, gari likipoa,
mikono bado inanuka zizi.
Mbwa mkali, piga honi.
Tope hadi Juni.
Hapa wanakupa ndizi, usikatae.
Ya Mama Aikande sikuiweka barabarani.
Nilishuka nacho mkononi, nikapita migomba,
nikabonyeza mlangoni pa zizi,
pale hasa nilipopaswa kuwa
dakika arobaini kabla.
Yeye alisimama na ndoo, akinitazama
kama anayemwona mtu akipima kaburi.
Hakuuliza. Nami sikueleza.

Mwanamke wa Kijapani bado ananisalimia.
Usiku, nikipanda, wanawaka wote wawili:
yeye na bahari yake,
hiki na kijani chake kitupu
chenye vinukta sitini na kimoja nilivyovitia mwenyewe.
Katikati yao, kioo cha mbele, na kipande cha barabara
kinachotosha taa zangu.

Juzi kijana mpya wa mifugo, Ombeni,
alinipigia akiwa amepotea, pumzi juu juu,
mvua ikigonga bati la gari lake.
Nikafungua mdomo nimsomee namba,
nyuzi na dakika, kama zilivyo kwenye kioo.
Nikajisikia nikisema:
"Pita kinu cha kahawa.
Ukifika kwa marehemu, kata kushoto."

Kimya kidogo. Kisha:
"Marehemu yupi, dokta?"